Mapasa na Mayai ya Nondo

Jumatatu, 4 Machi
Tena shambani Kagongwa, nageuza majani ya pamba. Natafuta mayai ya nondo, yule anayetuletea funza wa vitumba. Madogo kuliko punje ya ulezi. Mgongo unauma. Jioni nimerudi maabara, Shinyanga.

Jumatano, 6 Machi
Jeni za protini za ganda la yai zimetoka vizuri. Ni ukoo mzima. Zamani ilikuwa jeni moja. Ikajinakili, nakala nazo zikajinakili, kila moja ikabadilika kivyake. Nyingine zimekufa ila bado zipo mahali pake. Nyingi zimekaa mbili mbili, zimepeana migongo, zinawaka na kufanya kazi pamoja.

Nimempigia Kulwa kumweleza. Pacha wangu, yuko Nyarugusu, anachimba dhahabu. Amecheka.

"Doto, kwa hiyo hao wadudu wako nao wana mapasa?"

"Wanao."

"Basi andika jina langu humo. La kwanza, maana mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa."

Mvua ni kubwa kwao. Kesho wanashuka shimoni hivyo hivyo. Nimekasirika. Amekata simu akicheka.

Ijumaa, 8 Machi
Tangu asubuhi simu yake haipatikani. Mchana mwenzake amenipigia. Duara lao, shimo wanalochimba, limetitia, watatu wako chini. Kulwa yumo.

Nimeacha sampuli mezani, nje ya friji. Zitaharibika. Sijali.

Jumamosi, 9 Machi
Nyarugusu. Matope tu. Wanaume wanachimba kwa zamu, pampu inavuta maji. Wawili wametolewa, wazima. Si yeye.

Wenzake hawanitazami usoni. Tunafanana mno.

Jumapili, 10 Machi
Wamemtoa.

Nimemfuta matope mwenyewe, kwa khanga yangu. Masikioni, puani. Nimekataa kusaidiwa. Namchukia kwa kushuka. Nampenda. Sina neno jingine.

Jumanne, 12 Machi
Tumemzika Kagongwa, nyumbani kwa Mama. Sikulia.

Alhamisi, 14 Machi
Wageni wamepungua. Mimi na Mama tumekaa uani, tunachambua mchele.

Jirani amepita kutoa pole. Nadhani aliogopa kulitaja jina la marehemu. Amesema, "Pole sana, Mama Doto."

Mama hakuinua kichwa.

"Mimi ni Mama Kulwa," amesema.

Jirani akaomba radhi, akavuta kigoda, akakaa nasi. Nikamsogezea ungo.