Mlezi Asiyejua Kuachia

Sendai, 9 Desemba 2014
Asubuhi: theluji nyepesi, upepo wa kaskazini.

Dada yangu mpendwa Fumie,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti halikusumbui sana kwa baridi hii. Mimi nipo, ila nimechoka uchovu usioisha kwa kulala.

Uliniuliza kwenye simu tunafanya nini maabara siku zote hizi. Ndani ya seli kuna protini tunazoziita walezi. Hushika protini nyingine zisijikunje ovyo, maana zikijikunja ovyo hurundikana, na ndivyo ubongo wa Mama ulivyoharibika. Lakini mlezi hajiongozi. Yupo msaidizi, naye ni protini, anayemgusa na kumwambia sasa shika, sasa achia. Mwezi uliopita tulimwondoa msaidizi. Mlezi akashika, asiachie tena. Aliyeshikwa hakufanya kazi, mlezi naye hakuweza kushika mwingine, na seli zikafa.

Nikamuuliza Profesa Hatakeyama kama tukiongeza wasaidizi tutapata dawa. Akasema wakizidi nao huharibu, mlezi huachia mapema mno, na kwamba yeye atastaafu kabla dawa haijaonekana. Mwenzangu Kuwabara akadakia kwamba Profesa alishastaafu tangu mwaka juzi, ni kiti tu hakijaambiwa. Tukacheka. Kisha akanigeukia, akaona matone yangu ya chakula yanaangukia nje ya kisahani, akaniuliza, dada Chizuru, hizo seli unazilisha au unazikosa makusudi? Nikamwambia ni baridi.

Si baridi, Dada. Oktoba nilikwenda hospitali peke yangu nikapimwa damu. Ugonjwa wa Mama ninao.

Najua ukifika hapa utaanza kufunga mizigo. Ulimshika Mama miaka mingi, hata mchumba wako Shoji akachoka kukungoja akaondoka, hata ukasahau kwamba ulikuwa mwimbaji. Naomba usije kukaa. Njoo Jumapili, tupike chungu cha samaki na kabichi, na jioni upande treni urudi kwako. Nikikusihi ubaki, usinisikilize. Nitakusihi, najijua.

Kupimwa au kutopimwa kwako, ujue kama nawe umeurithi, ni juu yako. Sitauliza.

Nisalimie wote hapo mtaani, na uvae soksi nzito.

Mdogo wako akupendaye,
Chizuru

Naongeza haya asubuhi ya pili, kabla ya kufunga bahasha: baada ya kukuandikia, hatimaye usingizi ulinipata saa tisa usiku.