Kitambulisho Kiko Kwako

3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima. Dawa nameza kila asubuhi, na hapa kwa dobi bosi ananiachia pasi zote mbili akienda zake kuchukua nguo za wateja.

Wanaandikisha wapiga kura hadi tarehe ishirini. Kitambulisho changu unacho wewe tangu mliponipeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Naomba unitumie.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tunaendelea vizuri, na nimefurahi kusikia unafanya kazi. Ila hilo la kura liache kwanza. Ulitembea peku barabarani siku mbili ukimwita marehemu mama. Kwenye foleni kuna watu wanaokumbuka, watakucheka. Na wajanja watakwambia mpigie fulani, nawe utakubali. Pumzika, dada. Kura moja haipunguzi kitu.

Kaka yako

13 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Nilitembea peku, sikatai. Ulinibeba mgongoni hadi nyumbani, nalo sijalisahau. Lakini ni miaka minne sasa. Nimemuuliza karani wa uandikishaji, “Mtu aliyewahi kulazwa kwa maradhi ya akili anaruhusiwa?” Akanitazama kidogo. “Dada, mimi naulizia kitambulisho tu.”

Wa kucheka na acheke. Zimebaki siku saba. Tafadhali.

Mdogo wako

24 Machi

Kaka,

Shikamoo. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Bahasha ilifika jana. Ndani kitambulisho peke yake, hata mstari mmoja hukuandika.

Tarehe ishirini nilipanga foleni hivyo hivyo, mikono mitupu. Karani alinikumbuka. “Kimepatikana?” Nikasema bado. Akanisogezea kiti, nikakaa hapo mpaka wakafunga daftari. Hakuna aliyenicheka. Kura ya mwaka huu imenipita.

Nimekasirika, kaka. Bosi aliniona nimenuna, akauliza kama nimeanza kuumwa tena. Nikamwambia siumwi, nimekasirika tu, kama mtu yeyote.

Sasa naomba na cheti changu cha kuzaliwa, na vile vya shule. Usivitume. Jumapili nitapanda basi mwenyewe nije kuvichukua. Mwambie wifi aniwekee chai, na wewe usitoke. Tuna mazungumzo.

Mdogo wako