Ogre-7 katika Nyumba ya Mbao

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Nimechokozwa hadharani, na nimekubali!

Ilikuwa baada ya misa, mbele ya kanisa, watu wote wakiwa bado na nguo zao nzuri. Carlos alinikabili. Carlos ndiye mpinzani wangu katika klabu ya mdahalo ninayoiongoza: mwanafunzi wa politekniki, hoja nyepesi, viatu visivyojua vumbi la mji huu. Jumamosi ijayo ninatetea hoja niliyoiandika kwa mkono wangu, kwamba vijana wa Kongo wavikatae vitu vya kuchezea vinavyowafunza kupigia makofi uporaji wa nchi yao. Shabaha yangu haijajificha. Ni yale masanduku mapya ya vitofali vya plastiki yaliyotolewa kwa ajili ya filamu za Orvane – zile sita za mambo ya anga, ambazo vijana wote wa Goma wanazo katika simu. (Mimi pia. Mbili tu. Basi, tatu.)

Nilikuwa nimeyaponda masanduku hayo wiki nzima. Carlos hakujibu hoja hata moja. Aliniuliza tu kama nimewahi kukigusa kitofali kimoja kati ya hivyo ninavyovilaani.

Sikuwahi. Kwaya nzima ikacheka.

Masharti ni haya. Shangazi yake wa Ubelgiji amemletea sanduku jipya, halijafunguliwa. Nilichukue, nikijenge chote kilichomo, nikifikishe oditwari, ukumbi wetu wa mihadhara, Jumamosi saa nane mchana. Nikishindwa, kanuni ya klabu itanipata: anayeshindwa changamoto aliyoikubali hapandi jukwaani hadi Noeli. Hadi Noeli! Miezi miwili na nusu ya kukaa katika viti vya nyuma nikimsikiliza Carlos!

Nimelileta sanduku nyumbani Ndosho kwa pikipiki, nimelikumbatia. Motari aliuliza kama ni zawadi ya mutoto. Nikamjibu kwamba ni ushahidi wa kesi. Akaongeza mwendo.

Jumatatu, 7 Oktoba

Sanduku limefunguliwa. Chombo chenyewe kinaitwa Ogre-7: mashine kubwa ya anga inayotua kwenye sayari ya mawe meusi, inateremsha mnara wake na kufyonza madini. Vipande elfu moja mia nne na kumi na viwili, katika mifuko kumi na minne yenye namba. Ndani kuna vijitu vitano: wachimbaji wanne wenye kofia, na roboti mmoja. Mwenyeji wa sayari? Hakuna! Sayari nzima ya mawe meusi na hakuna aliyezaliwa juu yake! Nimepata aya ya pili ya hotuba yangu bila jasho.

Kisha kitabu cha maelekezo. Kurasa mia mbili na ishirini – na hakina neno hata moja. Michoro na mishale, basi. Nimesoma mikataba, katiba na sheria ya madini yenye vifungu vya kutisha. Sijawahi kushindwa na kitabu kwa sababu kimenyamaza.

Hata hivyo nimejenga sakafu yote, mfuko wa kwanza, huku nikifanya mazoezi ya utangulizi kwa sauti. Nilifika kwenye «Ndugu zangu, nani anamchimbia nani?» na mkono ulikuwa ukiendelea wenyewe. Kazi rahisi, kumbe.

Papa, baba yangu, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akitazama. Papa Habumugisha ni fundi wa kujenga kwa mawe ya volkano. Nusu ya kuta imara za mtaa huu zimepita mikononi mwake, naye anaishi katika nyumba ya mbao kwa sababu kila mwaka kuna ukuta wa mtu mwingine ulio na haraka zaidi. Mwezi wa sita jukwaa la mbao lilivunjika chini yake huko Munigi. Alivunjika mkono; plasta iliondolewa mwezi wa nane. Daktari alisema mfupa umepona, mkono unataka kazi tu. Papa anasema mkono umekufa. Anaukalisha juu ya paja, mkono wa kulia, kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Anakula kwa kushoto. Mfuko wa vifaa vyake uko chini ya kitanda tangu siku ile, na hakuna anayethubutu kuugusa.

Nilimwomba aangalie tu, asiguse.

Jumanne, 8 Oktoba

Msiba!

Nimerudi kutoka kampasi saa kumi. Mifuko yote kumi na mitatu iliyobaki imefunguliwa. Yote! Vipande vyake vimechanganywa, vimepangwa upya juu ya nyungo tatu za mama – zile anazouzia samaki wa kukausha wa Vitshumbi. Vikubwa ungo wa kwanza, vya kati wa pili, vidogo wa tatu, na kando yake rundo la vile visivyo na umbo la kueleweka. Katikati ya yote hayo, Papa, ametulia kabisa.

Nilihutubia. Nakiri. Nilisema kwamba namba za mifuko hazikuwekwa kwa mapambo, kwamba zilikuwa mpangilio, kwamba bila mpangilio mtu anatafuta kipande kimoja kati ya elfu. Nilitumia neno «janga» mara mbili.

Alisubiri nimalize. Kisha akaniuliza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira:

«Weye ulianza kujenga bila kuchagula mawe?»

Kwa fundi wa mawe, haya hayana mjadala. Lori linamwaga mawe. Fundi hagusi chokaa kabla hajayatenganisha: ya msingi, ya pembe, ya kujazia. Anayejenga akichukua jiwe lolote lililo karibu si fundi, ni mpita njia. Ndivyo alivyoviona vitofali. Mifuko ile, kwake, ilikuwa lori lililomwagwa vibaya.

Mama aliingia, akaona nyungo zake, akauliza kesho atauzia samaki juu ya nini, juu ya hotuba?

Nilikaa kujaribu ukurasa wa arobaini. Nilitafuta kipande cha kijivu chenye vinundu sita kwa robo saa. Papa aliinama juu ya kitabu, akafuata mshale kwa kidole cha kushoto, akahesabu kwa Kinyarwanda, kwa sauti ndogo – rimwe, kabiri, gatatu – akanyoosha mkono kwenye ungo wa pili na kukitoa bila kutafuta. Halafu kinachofuata. Halafu kingine.

«Hii kitabu iko nasema muzuri,» akasema.

Papa aliacha shule darasa la tatu. Mimi niko mwaka wa tatu wa sheria.

Jumatano, 9 Oktoba

Utaratibu umejiunda wenyewe. Papa anasoma na kutoa kipande, mimi naunganisha. Yeye injinia, mimi kibarua. Kurasa tisini kwa alasiri moja!

Saa kumi na moja alikuja Rémy, msimamizi wa Papa huko shantye, kwenye ujenzi. Kule Munigi wanaanza kuta za chumba cha kuzalia, jengo lote la mawe, na wenye kazi wanataka fundi anayejua pembe. Rémy alisema anaweza kumpata mtu yeyote wa kurundika mawe, lakini pembe, muzee, pembe anazijua nani? Alizungumza vizuri, ningempa nafasi katika klabu.

Papa aliuinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayeonyesha kitu alichookota, akauacha uanguke. «Hii ilikufa. Tafuta mwingine.»

Rémy alisema atapita tena Jumapili. Papa alisema asipoteze mafuta.

Baada ya hapo hakufungua tena kitabu. Nilijenga peke yangu kurasa tatu. Nilikosea mbili.

Alhamisi, 10 Oktoba

Vitofali hivi vina tabia moja: vikubwa havishikani kwa mkono mmoja. Lazima mmoja ushikilie na mwingine ubonyeze.

Leo nilichelewa kampasi, na Papa hakunisubiri. Nilipoingia, alikuwa ameweka ubavu wa chombo mezani na kuukandamiza kwa kiganja cha kulia, kama mtu anayeweka jiwe juu ya karatasi zisipeperuke. Mkono wa kushoto ulikuwa ukijenga. Wa kulia ulikuwa uzito tu. Lakini ulikuwa mezani, si pajani!

Nilifungua mdomo. Mama, aliyekuwa anachambua mboga za lengalenga mlangoni, alinitazama kwa macho ambayo nayajua tangu utoto.

Sikusema. Mimi!

Ijumaa, 11 Oktoba

Umebaki mnara tu. Ogre-7 amekaa katikati ya meza yetu, mweusi na wa rangi ya machungwa, mbaya wa kupendeza. Namchukia kwa kanuni. Nikiwa peke yangu nimezungusha magurudumu yake mara kadhaa, kwa uchunguzi.

Carlos alikuja kukagua, kama masharti yanavyomruhusu. Alikuwa na hakika atakuta rundo. Alizunguka meza, akainama na kunusa.

«Prezidante, hii Ogre ilitoka Bruxelles ama Vitshumbi?»

Nilimwambia chombo kinachofyonza mali ya watu hakina budi kunuka kitu. Alicheka, na mimi nikacheka. Ni mpinzani mwenye adabu, nimpunguzie makali katika hotuba.

Ndipo Papa akamwomba, kwa kuwa anasoma mambo ya ujenzi, amfafanulie jambo moja. Alikuwa amekipitia kitabu chote hadi mwisho mara mbili. Wachimbaji wana chumba chao cha kulala ndani, kina vitanda vinne vidogo. Kuta nne. Hakuna mlango.

«Batu bake banapitaka wapi?»

Carlos alikigeuza chombo upande huu na upande ule. Akafungua kitabu. Akasema labda katika filamu kuna teknolojia fulani. Papa alimsikiliza kwa heshima kubwa, akasema kwamba nyumba inayosahau mlango imejengwa na mtu ambaye hatalala ndani.

Nimeikimbilia kalamu! Wiki nzima nimetafuta sentensi hiyo katika vitabu vya maktaba. Hotuba yangu yote sasa inasimama juu ya mlango huo usiokuwepo. Nitamtaja Papa kwa jina.

Wakati wa chakula aliuliza, kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, iwapo Rémy ameshapata fundi mwingine wa Munigi. Mama alisema hajui. Anajua: Rémy hajapata.

Jumamosi, 12 Oktoba

Saa sita na nusu. Mnara umekamilika! Kipande cha mwisho Papa aliniachia mimi. Nimevaa kitenge cha bluu, hotuba iko kwenye bahasha, mama amepata boksi la kubebea lisilonuka. Carlos ametuma ujumbe kwamba oditwari imejaa, na kwamba ananitumia motari kwa gharama yake, ili nisiwe na kisingizio. Muungwana!

Saa saba kasoro dakika kumi. Papa hajaridhika. Amefumba jicho moja na kuutazama mnara kutoka mlangoni, kisha kutoka dirishani. Anasema umelala. Nimeutazama. Umesimama kama askari. Anasema umelala upande wa kushoto.

Saa saba. Ameniambia nilete nivo.

Nivo yake, pima-maji ya mbao na kioo, iko ndani ya mfuko chini ya kitanda. Nilimwuliza mama kwa macho. Mama aliniangalia vilevile. Niliuvuta mfuko, ulikuwa na vumbi la miezi minne na chokaa imekauka kwenye kamba. Nikampa nivo. Aliilaza juu ya mnara, na kiputo kidogo kikateleza taratibu, kikakaa kulia.

Ameshuka nayo ghorofa kwa ghorofa, hadi sakafuni. Mfuko wa kwanza. Kipande kimoja cha vinundu vinne hakikukaa sawa. Kimeinua kila kitu kilichokuja juu yake.

«Nani aliweka hii?»

Mimi, Papa. Jumatatu. Nilikuwa nahutubia.

Nilimwambia kwamba katika oditwari nzima hakuna atakayekuja na nivo. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana bibi yake.

«Weye njo unaikamata mbele ya batu. Mutu akinijengea hivi ku shantye, nabomoa.»

Saa saba na dakika kumi na tano. Anabomoa. Mnara uko chini. Motari ameshafika, anapiga honi. Ninaandika hapa hapa mezani kwa sababu nikikaa bure nitasema, na nikisema sijui nitasema nini. Ninayo maneno yote: kwamba ni saa nane, kwamba ni hadi Noeli, kwamba ni mchezo wa plastiki, Papa, mchezo tu! Nimeyapanga vizuri. Hayatoki.

Ubavu wa kulia umeng'oka. Anavitenganisha vipande na kuvirudisha kwenye nyungo, vikubwa, vya kati, vidogo. Vilivyokaza anavipindua kwa mikono miwili. Hajui kwamba ni miwili. Kidole gumba cha kulia kinabonyeza, kinateleza, kinarudi kubonyeza. Anatoka jasho usoni. Anahesabu kwa Kinyarwanda.

Mama amesimama mlangoni na boksi la kubebea. Hajaliweka chini wala hajaingia.

Papa anasema tukirudia vizuri, kwa kile chumba tutaacha nafasi ya mlango.

Saa saba na dakika ishirini na tano. Honi ya tatu. Motari anauliza kutoka nje: tunaenda ama hatuendi? Papa hajamsikia. Amenyoosha mkono bila kunitazama – wa kulia – anataka kipande cha vinundu vinane. Kiko karibu nami, ungo wa kwanza. Naweka kalamu nimpe.