Wamefua Sweta la Jofrey

Mafinga, Jumatano

Nani aliwatuma wafue? Tangu tumzike mwanangu Jofrey, akina mama wa jumuiya wanakuja kusali na kunisaidia kazi. Leo wamedeki, wamepika, halafu wamefua kila kitu, hata sweta lake nililokuwa nalala nalo. Lilikuwa na harufu yake. Sasa linanukia sabuni.

Mwenyekiti wao akanishika bega. "Pole, Mama Jofrey. Mungu amempenda zaidi."

"Kwa nini hakumpenda zaidi wa kwako?"

Akaondoa mkono. Sijutii. Labda kesho.

Bado nasali, ila kwa hasira, na Yeye anajua.

Kwa ukungu huu sweta halijakauka. Nimelianika karibu na jiko la mkaa, kama zamani, ili asubuhi alivae likiwa na joto.