Binti Aliyewapaka Nyuki Unga

Wasomaji wangu, mimi Mjomba Eliya nimezaliwa na bahati mpaka naionea aibu. Njia waliyoitembea babu zetu na mizigo kichwani, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, nimeipita yote, tena nimekaa kwenye kiti cha basi. Darasa la saba sikulimaliza, lakini wanangu wanne wana kazi nzuri nilizowachagulia mwenyewe, na kila Jumapili wananipigia simu mpaka sikio linachemka. Mtu kama huyo asipotoa ushauri, atoe nani? Someni barua hii.

*Mjomba Eliya, shikamoo, nakuja kwako nimekwama, mimi ni mkulima wa tumbaku hapa Usoke na nina binti, Dafrosa, ambaye tangu mdogo alikuwa na maswali kuliko katekista, mara nyuki wanalala wapi, mara wanajuaje njia ya kurudi, na siku moja alichukua unga wa mama yake akawanyunyizia nyuki waliokuwa kwenye maua ya maboga, akawakimbilia aone wanakoenda, wakaishia dukani kwa Mukesh kwenye gunia la sukari, na Mukesh akaniita akasema, "Baba Dafrosa, watu wako wamekuja wamejipaka poda, nani anawalipia?" tukacheka sana, nikamnunulia binti kipande cha sukari guru, ndiyo maana nasema labda mimi ndiye niliyemharibu, kwani sasa amemaliza kidato cha sita, amefaulu, nimeshatangaza kigangoni kwamba anakwenda kusomea uuguzi, mama yake ameshamshonea gauni jeupe, halafu juzi tunakula anasema, "Baba, mimi nakwenda kusomea nyuki," nikamwambia, "Nimekusomesha uje kuwa mrina asali kama babu yako, aliyekuwa anarudi porini kope zimeungua?" akaacha kula, na tangu hapo hanisemeshi, anamwambia mama yake, "Mwambie baba maji ya kuoga tayari," na mimi nimekaa palepale, na maombi ya chuo yanafungwa wiki ijayo, amesema bila baraka yangu hatumi popote, na nampenda mtoto huyu, Mjomba, nifanyeje?*

*Baba Dafrosa, Usoke*

Baba Dafrosa, marahaba. Pole, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Sisi Wanyamwezi tukisikia nyuki tunasikia kurina: moshi, kamba, mzee anashuka mtini amevimba uso. Neno hilo ndilo limekugombanisha na mwanao. Dafrosa hakusema anakwenda kurina. Umeandika mwenyewe, alitaka kujua wanalala wapi. Mrina anataka asali, mwanao anataka jibu, na siku hizi watu wanaajiriwa kutafuta majibu hayo. Siku maboga yako yatakapogoma kuzaa kwa sababu dawa za mashambani zimefukuza nyuki, utamwita nani, katekista?

Eti ulimharibu. Sukari guru ile ni kazi nzuri kuliko tumbaku yote uliyowahi kuvuna. Baba mwingine angemchapa kwa kumwaga unga, na maswali yangeishia hapo. Wewe ulimwonjesha kwamba kuuliza ni kutamu, halafu leo unamnyang'anya mdomoni.

Na uuguzi si wa kuwafurahisha watu wa kigangoni. Wewe ungekubali kuchomwa sindano na mtu ambaye akili yake iko porini kwenye mzinga?

Leo jioni usimtume mama. Mwite mwenyewe umuulize, "Dafrosa mwanangu, hivi nyuki wanajuaje njia ya kurudi?" Kisha funga mdomo. Akieleza mpaka ugali upoe, acha upoe, na utani wako utie mfukoni, nawajua watu wa Usoke. Akimaliza, mwombe radhi kwa lile neno la babu, mpe baraka, mpeleke mjini akatume maombi ya nyuki. Kigangoni waseme watakavyosema, watachoka. Gauni jeupe lisikupe presha, wafuga nyuki nao huvaa nyeupe.

Ila fanya leo. Mtoto akishazoea kukunyamazia, kazi nzuri uliyomchagulia haitamrudishia sauti. Zile simu za Jumapili niliongopa. Hawapigi.