Mjomba Anataka Taa Kali, na Sababu Ninaijua

Mshauri wangu, pokea salamu za mtu ambaye akifunga mlango wa ofisi yake hajui kama nje kuna jua au mvua. Mimi ni mfamasia, ofisi yetu ni chumba cha ndani kabisa cha hospitali, hakina dirisha kwa sababu dawa hazipendi jua, kuta zake zina rangi ya kijani iliyochakaa kama maji ya bwawa na taa zake ni tyubu za zamani zinazochezacheza hadi kichwa kinagonga. Mwezi huu tumepata bahati, mkuu wetu wa kitengo amekubali chumba kipakwe upya, akanipa kadi ya rangi akasema, "Chagueni wenyewe, nyie ndio mnaoishi humo," na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Ninafanya kazi na mfamasia mkongwe ambaye hospitali nzima inamwita Mjomba, yeye ndiye aliyenipokea nikiwa mgeni wa kazi, akanifundisha mengi ambayo chuoni sikuyasikia, na mume wangu hunitania kwamba nina baba wawili. Mimi nilichagua rangi ya maziwa na taa za mwanga wa manjano, zile za sebuleni, ili angalau tukae mahali panapofanana na pa binadamu. Mjomba akakataa katakata, anataka kuta nyeupe pe za kung'aa na taa kali kila kona, nikamwambia, "Mjomba, unataka tukaangwe?" Hakucheka, akasema nisiguse mambo nisiyoyaelewa, na hajawahi kunijibu hivyo tangu tujuane.

Nilinuna, nikubali ukweli, nikadhani ni ukaidi wa uzee, mpaka mchana mmoja nikarudi kutoka kula nikamkuta ameinama juu ya meza na tochi ya simu, amelibana boksi la dawa karibu na pua kabisa, analigeuzageuza kama mtu anayenusa, na alipojua ni mimi akaizima tochi haraka. Nikamuuliza, "Mjomba, huoni?" Akaweka simu mezani, akasema, "Naona, mwanangu, ila kwa taabu. Taa zikiwa kali nitaona vizuri. Nisaidie hilo tu, na usimwambie mtu. Nina wajukuu nyumbani, wakinitoa kazini nitawaambia nini?"

Mshauri, tangu siku hiyo ninahakiki kila trei ya dawa anayoiandaa kupelekwa wodini, ninafanya kijanja nikijifanya napanga rafu, na juzi nilikuta dawa ya watu wazima kwenye trei ya wodi ya watoto, maboksi yanafanana rangi, nikabadilisha kabla haijatoka na nikaenda kujifungia chooni. Fundi rangi anakuja Jumatatu na anataka jibu, nikichagua taa anazotaka Mjomba naona kama ninashirikiana naye kuficha, nikichagua zangu naona kama ninamzimia taa mtu aliyenifunza kazi, na nikienda kwa mkuu wetu nitakuwa nimemchongea mzee wangu. Nichague nini?

Mimi,
Mfamasia wa chumba cha ndani

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, pole. Kumpenda mtu na wakati huo huo kuogopa mikono yake ni mzigo mzito, na umeubeba peke yako.

Lakini sasa nisikilize. Umeniuliza rangi gani na taa gani, halafu katikati ya barua ukanitajia trei ya watoto kana kwamba ni jambo la pembeni. Hilo ndilo swali lako, mama, na jibu lake unalijua, ndiyo maana ulijifungia chooni. Unasema unahakiki kijanja. Je, siku ukiugua? Siku ukiitwa nyumbani ghafla ukatoka mbio? Mgonjwa yule wodini hajui kwamba usalama wake unategemea wewe kutokwenda likizo.

Na Mjomba naye unamkosea. Unamchukulia kama mtu aliyekwisha, wa kufichiwa aibu, wakati hata daktari wa macho hajamwona. Huenda ni mtoto wa jicho, ule ukungu ambao hutolewa watu wakarudi kazini. Huenda ni kitu kingine kinachoendelea kula macho yake huku nyie wawili mkibishana juu ya kadi ya rangi. Kila wiki unayomtunzia siri unaweza kuwa unamnyima wiki ya kutibiwa.

Fanya hivi. Leo, si Jumatatu, keti naye mlango ukiwa umefungwa. Mwambie kuhusu ile trei, usimpunguzie. Mwambie kuanzia saa hiyo haandai dawa peke yake, na kwamba kesho mnakwenda wote wawili kliniki ya macho. Kisha yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, amweleze mkuu wenu, nawe usimame pembeni yake. Akikataa, mwambie usoni kwamba utakwenda wewe, halafu uende. Huko si kuchongea. Mchongeaji huzunguka mgongoni.

Sasa kuhusu chumba. Rangi ya maziwa ni sawa, ila iwe isiyong'aa, na dari iwe nyeupe. Kuta za kung'aa zikikutana na taa kali humpiga mtu machoni, na kwa mwenye ukungu wa macho ni adhabu. Lakini hizo taa zako za manjano zipeleke sebuleni kwako, maana hubadilisha rangi za vidonge. Weka mwanga mweupe uliotulia juu, na kila meza ipate taa yake yenye shingo ya kukunja, ili kila mmoja avute mwanga anaouhitaji. Rafu zipake rangi nzito kidogo, maboksi yaonekane. Fundi akifika awakute mmekwisha kuongea. Kupaka rangi kwaweza kusubiri. Trei haisubiri.

MWANDISHI ALIRUDI KUTUANDIKIA

Mshauri, nilikaa naye siku ile ile. Nilipofika kwenye habari ya trei aliinuka, akavaa koti, akatoka, nikajua nimempoteza. Baadaye akarudi, akasimama mlangoni akasema, "Wodi gani?" Nikamwambia. Akauliza mara ya pili, kama hakuniamini. Kisha akasema, "Twende huko kliniki ya macho kabla sijabadili mawazo."

Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho na limeshafanyiwa upasuaji. La pili daktari alisema limeumizwa na presha ya jicho kwa muda mrefu, kilichopotea hakirudi. Mkuu wetu hakumfukuza, amempa kazi ya kufundisha wanafunzi, lakini Mjomba ameiacha meza ya kuandaa dawa, na siku aliyokabidhi funguo hakuniaga. Nililia njia nzima kwenda nyumbani.

Chumba kilipakwa kama ulivyosema. Wiki iliyopita Mjomba aliingia, akazigusa kuta, akaketi, akavuta taa ya mezani akanielekezea usoni. Akanitazama kwa lile jicho lililopona.

"Kumbe una mvi," akasema. "Tangu lini?"

"Za siku nyingi, Mjomba."

Akaishusha taa ikamulika meza. "Haya, lete hizo trei. Leo uandae wewe, mimi nikae nikutazame."