Simu Moja Mlimani

Jumamosi, 6 Septemba 2003
Ofisini kwa Mjomba Nassor, Darsait, hapa Muscat. Skuli imekwisha, kazi yangu ni kuingiza majina. Watoto wote wa kituo kimoja cha afya huko milimani, na chanjo zao. Programu ya Mjomba itafunguliwa kwa intaneti. Anasema kukaa na programu ndani ya kompyuta moja ni ushamba.
Leo kaenda kusali. Nikaigeuza ifanye kazi bila intaneti. Imekubali! Watoto wa mlima mzima ndani ya sidii nyembamba. Mwili umenisisimka.

Jumapili, 7 Septemba
Mjomba kaiona sidii. "Nini hii, mwanangu?" Nikainamisha kichwa. Naogopa kusema hata ninapojua. Kesho tunakwenda mlimani kuwaonyesha watu wa kituo programu. Wasipoikubali, ofisi haina kazi nyingine. Sidii nimeitia mkobani.

Jumatatu, 8 Septemba
Subhanallah, ile milima. Gari ilikuwa inapanda, masikio yanaziba, na juu bado kuna mlima mwingine.  
Kituo kina simu moja. Mjomba akaichomeka kwenye kompyuta. Kahawa ikaletwa. Ukurasa haufunguki. Kwa desturi ya huku, mgeni huongezwa kahawa mpaka atikise kikombe; ukitikisa ndiyo umetosheka, kazi ianze. Mjomba hakuthubutu kutikisa. Akajaziwa, akajaziwa tena, jasho linamtoka.
Muuguzi ni Mkenya, Sista Mwende. Akacheka. "Mzee, hii kitu inakuja na miguu kutoka Muscat?"
Mara akaingia mama na mtoto anayetetemeka kwa homa, macho yamegeuka. Sista akakimbilia simu aite ambulensi. Simu imeshikwa na ukurasa wetu.
"Toa hiyo waya! Sasa hivi!"
Mjomba akaing'oa. 
Ambulensi ilikuja. Mtoto alikuwa anapumua walipomchukua. Baada ya hapo hakuna aliyegusa simu.
Nikatoa sidii mkobani, sijui sauti niliipata wapi. "Mjomba, nna hii."
Nikaitia kwenye kompyuta, Sista akaandika jina la mtoto yule. Kadi yake ikatokea papo hapo, chanjo zote, na waya wa simu uko sakafuni. Mimi mwenyewe niliyeitengeneza nikaduwaa.
"Haki! Yuko humu ndani?" Sista akauliza.
Mjomba akatikisa kikombe.

Jumanne, 9 Septemba
Jana Mjomba hakusema neno njia nzima. Leo pia. Nadhani nimemwaibisha mbele ya watu. 

Jumatano, 10 Septemba
Mjomba kaniita. Vituo vya mlimani vitakuwa na programu yangu. Kila wiki gari ya dawa itatuletea disketi yenye majina mapya. Ya intaneti itabaki kwa vituo vya hapa mjini. "Ungesema mapema," kasema, halafu kanivutia kiti karibu na chake.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimepiga simu kituoni, peke yangu, bila kuandika kwanza nitakayosema. Ikaita mara moja tu, Sista akapokea. Kasema mtoto kapona, karudi kwao. Nyuma ya sauti yake nilisikia mbuzi, na upepo.